Geuza Utepe Kabla ya Kusoma Jina

Wanaoufuatilia ukurasa huu wanajua kazi yake: zipu zilizogoma, gauni lililobana, koti la marehemu baba linalotafutiwa mwili mpya. Mwezi uliopita, katikati ya jibu la vifungo, nilidokeza tu kwamba hapa kwangu Killeen, Texas, nina makasha ya tepe za majina kutoka magwanda ya zamani ya jeshi la Marekani. Barua za tepe zilizofuata zimezishinda za harusi. Toleo hili nawapa wao. Wa magauni mnivumilie.

Kwa asiyejua, utepe wa jina ni kile kipande cha kitambaa kinachoshonwa juu ya mfuko wa kifuani, kimeandikwa jina la ukoo la askari. Killeen iko mlangoni mwa Fort Hood, na maduka ya mafundi hapa yanakula kwa tepe hizo. Mimi nazishona tangu enzi za gwanda la BDU, lile la madoa ya msituni. Kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu wa sindano. Mwanahistoria atakuambia mengine.

Shikamoo mama. Marehemu mjomba alikuwa baharia, akarudi na jaketi la kijani la jeshi la Marekani. Kifuani kulia pana utepe mweupe wenye jina kwa herufi nyeusi, kushoto utepe mweusi ulioandikwa U.S. ARMY kwa rangi ya dhahabu. Ndugu wanasema ni la Vita Kuu ya Pili. Ni kweli? — Kijana wa Temeke, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Si kweli. Askari wa miguu wa Marekani wa vita ile kwa kawaida hakuvaa jina kifuani. Alichokuwa nacho ni alama ya dobi: herufi ya kwanza ya jina lake la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya jeshi, zikapigwa muhuri wa wino ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali. Marubani walikuwa na vibandiko vya ngozi kwenye majaketi yao, lakini hiyo ni habari nyingine.

Utepe wa dhahabu juu ya nyeusi uliingia 1953, mwaka ambao mapigano ya Korea yalisitishwa, na tepe nyeupe za majina zikaenda nao pamoja. Kambini zilipendeza. Msituni Vietnam zilikuwa balaa: nyeupe kifuani inamwonyesha adui pa kulenga. Wengine walizipaka wino, wengine wakazifumua kabisa. Mwaka 1966 ndipo zikaruhusiwa tepe zilizofifishwa, herufi nyeusi juu ya kijani cha zeituni. Waliokuwa Vietnam walibadili mapema. Kambi za Marekani kwenyewe na za Ujerumani zilijikokota, nyingine karibu mpaka 1970. Basi tepe za mjomba zako zinaangukia kati ya 1953 na mwisho wa miaka ya 1960.

Kupunguza zaidi, tafuta lebo ndani ya jaketi. Ukiona herufi DSA, hilo ni shirika la ugavi lililofanya kazi kwa jina hilo kuanzia 1962. Mwaka 1977 likabadilika kuwa DLA. Namba ya mkataba ikisomeka DSA 100-67-C na kuendelea, hiyo 67 inayotangulia C ni mwaka wa fedha 1967. Hakuna DSA bali kuna QM, yaani Quartermaster, idara ya ugavi ya jeshi lenyewe? Ni la zamani zaidi. Angalia pia namba ya bidhaa: ya tarakimu kumi na moja ni ya kabla ya 1974, ya kumi na tatu ni ya kuanzia hapo. Ila kumbuka, lebo inakupa umri wa jaketi. Utepe ungeweza kushonwa juu yake miaka kumi baadaye, au juzi.

Na usilivae, mwanangu. Agosti 2023 jeshi letu la Tanzania, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. La kwako ni la kijani kavu bila madoa, lakini lina neno ARMY kifuani, na sitaki ukaanze kumweleza mtu historia ya Korea kando ya barabara. Nenda ukaulize kituo cha polisi kilicho karibu kabla hujaamua kuliweka.

Mama fundi, kuna jaketi la Vietnam mnadani mtandaoni. Lina utepe wa jina, beji ya kikosi na alama zote, kila kitu kiko mahali pake. Jina nimelikuta kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Washington, kwa hiyo aliuawa vitani. Muuzaji anataka dola 900. Ninunue? — Baba wa wawili, Minneapolis

Shika pesa yako kwanza, tuzungumze.

Ule ukuta una majina zaidi ya 58,000, na orodha yake iko wazi kwa kila mtu, mimi, wewe na mwenye cherehani gereji. Jina la aliyekufa linapandisha bei. Mtu mwenye jaketi halali lisilo na jina, ambalo ni la bei ya kawaida, anafungua orodha, anachagua jina, anadarizi utepe jioni moja. Kwa hiyo kulikuta jina ukutani hakujathibitisha lolote. Kwangu mimi kunaongeza shaka.

Hicho unachokisifia, kwamba kila kitu kiko mahali pake, nacho kinanikera. Askari wa mstari wa mbele Vietnam mara nyingi hakuwa na gwanda lake mwenyewe. Nguo zilioza mwilini kwa jasho na mvua, helikopta ikaleta rundo la nguo safi, kila mtu akavuta inayomtosha na kutupa chafu kwenye rundo jingine. Nani atadarizi jina kwenye nguo ya rundo? Magwanda yaliyokamilika mapambo yalikuwa zaidi ya watu wa kambi kubwa za nyuma, makarani, madereva, mafundi, maofisa, waliokuwa na fundi wa Kivietnamu ng'ambo ya geti. Hivyo jaketi lililovalishwa kama bwana harusi, halafu likasemwa ni la kijana aliyefia porini, linahitaji maelezo mazuri kuliko "nimelipata kwa familia".

Sasa muombe muuzaji picha za nyuma ya utepe. Akikataa, umeshajibiwa.

Tepe hizi huandikwa kwa njia tatu: kuchapwa kwa wino, kufumwa humo humo kwenye kitambaa kiwandani, na kudariziwa. Utepe wa U.S. ARMY mara nyingi ni wa kufumwa, maana ni ule ule kwa watu wote na unatoka kwenye bunda. Jina ndilo linalohitaji fundi. Mafundi wa Vietnam walidarizi kwa mkono kwenye cherehani ya zigizaga: upana wa mshono unaongozwa kwa goti, kitambaa unakizungusha kwa vidole, herufi inazaliwa papo hapo. Mimi nimefanya kazi na mashine ya namna hiyo na nakuhakikishia huwezi kutoa herufi mbili pacha. Jina la jaketi lako likiwa na herufi inayojirudia, tuseme L mbili za MILLER, ziweke bega kwa bega na uzikuze kwenye simu. Mguu mmoja utakuwa mnene, mwingine umeinama kidogo. Zikilingana mpaka mshono wa mwisho, hiyo ni kompyuta, na mafundi wa Saigon wa 1968 hawakuwa na cherehani ya kompyuta.

Nyuma ya utepe wa mkono, uzi unaruka kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa, au umekatwa ovyo ukabaki mkia. Fundi alikuwa na foleni ya askari mlangoni, hana muda wa kupendezesha upande usioonekana. Na makosa ya tahajia yasikutishe. Fundi alikuwa anachora herufi za lugha ya watu.

Halafu ndiyo nije kwenye ninachokiamini kuliko jina lenyewe: kitambaa kilicho chini ya utepe. Jaketi lililovaliwa juani na kufuliwa kwa miezi hupauka, lakini sehemu iliyofunikwa hubaki na rangi yake ya awali. Muuzaji ainue ukingo wa utepe kwa ncha ya sindano, taratibu, apige picha. Chini pakiwa na kijani kilichokolea na pembeni kijani kilichochujuka, utepe na jaketi vimezeeka pamoja. Pakiwa sawa sawa, utepe ni mgeni. Utepe unaong'aa juu ya jaketi lililochakaa haukuhitaji hata sindano. Tafuta pia matundu ya mshono wa zamani: msitari wa vitundu unaopita nje ya ukingo wa utepe wa sasa maana yake palikuwa na utepe mwingine. Hilo peke yake si dhambi, magwanda yalihama mikono na askari alivua jina la mwenzake akaweka lake. Lakini muuzaji anapaswa kulisema.

Watu watakuambia utumie taa ya UV. Nyuzi nyingi za siku hizi zina kemikali ya kung'arisha, zikimulikwa gizani zinawaka buluu. Ni kipimo kizuri lakini kinadanganya pande zote mbili, kwa sababu sabuni za kufulia zina kemikali hiyo hiyo, na gwanda halisi lililofuliwa juzi na mjane wa askari kwa mashine litawaka kama taa ya disko. Ninachopenda ni kulinganisha: jaketi halijawaka ila utepe peke yake unawaka? Ondoka. Ukiruhusiwa kunyofoa unyuzi mmoja wa nyuma, uchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Poliesta isikufanye umwite mtu mwizi papo hapo, maana nyuzi za sintetiki zilikuwapo hata enzi hizo. Iongeze tu kwenye hesabu.

Kuhusu mkao: mifuko ya kifua ya jaketi la msituni imekaa mshazari, na tepe zilishonwa ama kufuata mshazari huo ama kunyooka sambamba na ardhi. Zote ni halali. Muuzaji asikuuzie mkao.

Mia tisa? Kwa picha za mbele tu, mimi nisingetoa.

Nimeuziwa shati la askari wa Marine wa Vietnam lenye utepe wa U.S. MARINES. Nimepata au nimepatikana? — Msomaji, Muscat

Umepatikana, kaka. Askari wa Marine wa wakati huo walipiga alama kwa wino au joto mfukoni: tai, dunia na nanga, pamoja na USMC, herufi za kikosi chao. Tepe kama za wenzao walianza kuvaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya Vita vya Ghuba. Shati laweza kuwa la kweli. Utepe umekuja nyuma yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Fundi, habari ya huko. Sokoni Gikomba nimeona utepe wa velkro wa jeshi la Marekani, madoa ya kijani na kahawia, umeandikwa MUTUA. Jamaa zangu wanacheka, wanasema ni feki ya River Road kwa sababu hakuna Mmarekani anaitwa Mutua. — Mkusanyaji mchanga, Nairobi

Waache wacheke, mimi nimeshona MUTUA, na NJOROGE, na MUSHI. Kuna Wakenya na Watanzania wengi tu kwenye jeshi hili. Wapo walioingia wakiwa na kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu. Wapo walioingia kwa mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza mwishoni mwa muongo wa 2000 na kusimamishwa kupokea watu wapya 2016. Huo uliwachukua wageni wenye viza fulani kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa mojawapo.

Madoa unayoyaeleza ni ya gwanda la OCP, lililoanza rasmi kwa jeshi zima Julai 2015. Kabla yake kulikuwa na ACU, la vijidoa vya mraba vya kijivu, lililokuja 2005 na kuleta velkro badala ya sindano yangu, wakalivua kabisa mwisho wa Septemba 2019. Tepe za BDU nazo zilikoma Aprili 2008. Kwa hiyo utepe wako si wa kale, bei ya mtumba inatosha. Ila kusanya sasa. Tepe za akina Mutua zitatafutwa siku moja, na wengi wa wenyewe wanazitupa.

Utepe mtupu kwenye albamu ni jambo moja. Gwanda zima la madoa usilibebe, na mgongoni ndiyo usithubutu. Kenya raia haruhusiwi, na ukivuka mpaka na mzigo huo fahamu kwamba Uganda raia wamewahi kushtakiwa mpaka kwenye mahakama ya kijeshi kwa kukutwa na mavazi ya aina hiyo.

Shikamoo bibi. Babu alipigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwenye Vita Kuu ya Pili. Ameacha shati la kaki. Ndani ya kola kuna kitepe chembamba cheupe chenye jina la Kizungu kwa herufi nyekundu za kufumwa. Babu hakuitwa hivyo! Alilipata wapi? — Mjukuu, Mombasa

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa raha.

Hicho kitepe hakikutolewa na jeshi. Mwingereza mwenye uwezo aliagiza tepe za jina lake kwa kiwanda, na kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa cha J. & J. Cash wa Coventry: utepe wa pamba, jina limefumwa humo humo, rangi iliyozoeleka ni nyekundu juu ya nyeupe. Mama alimshonea mtoto anayekwenda shule ya bweni, na mtoto alipokuwa ofisa mazoea yakaendelea, kola, soksi, taulo. Kilikaa ndani ili dobi asichanganye nguo. Nje, kifuani, askari wa KAR wa vita ile hakuwa na jina. Begani alikuwa na herufi za KAR. Kama babu alikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944, alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru.

Kwa hiyo shati lilikuwa la ofisa, likamfikia babu. Huenda alipewa, huenda alilinunua vita vilipokwisha na watu wakarudi kwao. Kagua ndani kama kuna muhuri wa mshale mpana, kama unyayo wa kuku, pamoja na mwaka. Ukiwapo, shati lilitoka ghala la jeshi la Uingereza. Usipokuwapo, ofisa alijishonea kwa fundi wake, labda Mhindi wa Nairobi, na hapo mimi ningekagua mshono wa tundu la kifungo kwa dakika nyingi. Kitepe usikifumue. Shati la babu bila jina la Mzungu yule ni shati tu.

Nina utepe wa buluu, herufi nyeupe, KOWALCZYK. Nitampataje mwenyewe? — Mwalimu mstaafu, Houston

Buluu na nyeupe ni Jeshi la Anga, mwalimu. Kumbukumbu za askari zinatunzwa St. Louis, Missouri, na hapo una bahati mbaya kidogo. Tarehe 12 Julai 1973 jengo lile liliungua, yakaenda majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu iliteketea takriban asilimia 80 ya majalada ya walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Kwa Jeshi la Anga ni takriban asilimia 75 ya walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, ambao majina yao yanafuata Hubbard kwa alfabeti. K iko baada ya H. Kama bwana Kowalczyk aliacha jeshi kabla ya 1964, huenda jalada lake ni jivu.

Alitoka baadaye? Matumaini yapo. Jalada hufunguliwa kwa umma miaka 62 baada ya mtu kuacha jeshi. Kabla ya hapo anayelipata kwa ukamilifu ni mwenyewe au ndugu wa karibu. Lakini jina la ukoo peke yake halitoshi, unahitaji nguo ulipotoka utepe, kwa sababu ya ile alama ya dobi. Na ukiipata, tafadhali usiibandike mtandaoni. Tangu Julai 1969 namba ya askari wa nchi kavu na wa anga ni namba yake ya hifadhi ya jamii, na tarakimu nne za mwisho ndizo benki wanazomuuliza kwenye simu. Huyo bwana anaweza kuwa hai, anakunywa kahawa Milwaukee.

Nimezihifadhi kwenye mifuko ya nailoni, zimeota ukungu. Nizifue? — Mama Chumbageni, Tanga

Usifue. Mji wetu ule na unyevu wake naujua. Zitoe nailoni, zianikwe kivulini penye upepo, ukungu ukikauka uupanguse kwa brashi laini, nje ya nyumba, umefunga kitambaa puani. Kisha karatasi nyeupe isiyo na tindikali, au shuka la pamba kuukuu lililosuuzwa vizuri, ndani ya kasha lililoinuliwa sakafuni mchwa wasilifikie. Pasi hapana. Zenye velkro zikae peke yake, maana vile vikulabu vinachana uzi wa jirani.

Dada, unaweza kunitengenezea utepe wa jina la baba mkwe kwa mtindo wa 1965, niuweke kwenye fremu na picha yake? Alitumika Ujerumani, tepe zake zilipotea. — Mkwe, Atlanta

Naweza, na nitafurahi. Pamba nyeupe, herufi nyeusi, kwa cherehani ya goti, na pembeni yake U.S. ARMY ya dhahabu. Lakini nyuma naweka mambo mawili, na sipokei kazi kwa asiyeyataka: mwaka niliposhona, kwa wino usiofutika, na msitari mmoja wa uzi wa poliesta wa rangi ya waridi, usije ukauzwa siku moja kama wa kale. Nitumie jina kwa herufi kubwa kama lilivyo kwenye karatasi zake za jeshi, na kama picha yake inaonyesha mfuko wa kifua, nitumie hiyo pia nipime upana.